Sadaka ya Desemba na Stoo ya Machi

Inapofika wiki ya tatu ya Desemba, njia za kuelekea vituo vya kulelea watoto yatima na wanaoishi katika mazingira magumu, iwe Moshi, Arusha, Dodoma au pembezoni mwa Dar es Salaam, hupitiwa na magari yaliyobeba viroba vya sembe, ndoo za mafuta ya kupikia, katoni za sabuni na kreti za soda. Huja wanakwaya, vijana wa usharika, wanawake wa jumuiya ndogo ndogo, wafanyakazi waliovaa fulana za nembo moja, na siku hizi hata makundi ya WhatsApp ya watu waliosoma pamoja. Kunasaliwa, kunaimbwa, picha zinapigwa, watoto wanakula pilau, na kabla jua halijazama wageni wameshaondoka. Wakristo wenyewe wamekuwa wakiulizana kama wema huu wa msimu unatoka kwenye imani, au ni desturi ya kufunga mwaka iliyovikwa joho la imani. Kila upande una hoja nzito, na kila upande unasoma Maandiko yaleyale.

Wanaolaumu huanzia Mathayo sura ya 6, ambako Yesu anawaonya wanafunzi wake wasitende mema mbele ya watu kwa nia ya kutazamwa nao, na anataka hata mkono wa kushoto usijue unachotoa mkono wa kuume. Lakini hoja yao haiishii kwenye picha. Wanamleta nabii Amosi, ambaye katika sura ya 5 anatangaza kwamba Mungu amezichukia sikukuu za watu wake kwa sababu maskini wanakandamizwa langoni huku nyimbo zikiendelea hekaluni. Wanamleta na Paulo, ambaye katika 1 Wakorintho 16 anaagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kukusanywa siku atakapofika yeye. Ukilisoma agizo hilo taratibu utaona kwamba Paulo alikuwa anaikataa harambee ya papo kwa papo: alitaka msaada wa watakatifu wa Yerusalemu uwe umekwisha kukusanyika, wiki baada ya wiki, pasipo kusubiri joto la mgeni mashuhuri.

Hata kalenda ya sikukuu inawaunga mkono. Tarehe 26 Desemba, ambayo kwetu ni siku ya mapumziko na watoto hupelekwa ufukweni, katika makanisa ya Magharibi ni siku ya Mtakatifu Stefano. Tunamkumbuka Stefano kwa kupigwa mawe, na tunapita haraka juu ya kazi aliyochaguliwa kuifanya kabla ya hapo. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasema kulizuka manung'uniko kwa sababu wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, na kanisa likachagua watu saba, Stefano akitajwa wa kwanza, wausimamie mgao huo. Kanisa lile changa lilikuwa na orodha, lilikuwa na wasimamizi, na mgao wake ulitoka kila siku. Anayelaumu anauliza: sisi tunaopiga kengele usiku wa mkesha tunaweza kuonyesha orodha kama hiyo mwezi wa sita?

Kwenye kituo kimoja ninachokifahamu mkoani Kilimanjaro, kitabu cha wageni kinaeleza jambo hili vizuri kuliko mahubiri. Kurasa za Desemba zimejaa majina, saini na maneno ya baraka yaliyobanana mpaka pembezoni, kisha inakuja nafasi ndefu yenye mkaguzi wa afya, afisa ustawi wa jamii na jamaa mmoja mmoja, hadi Pasaka inapoleta tena kundi moja au mawili. Stoo nayo inafuata mwendo huohuo. Mwishoni mwa Desemba sembe imepangwa hadi karibu na dari, na kwa kuwa imeingia yote kwa pamoja, sehemu yake huingiliwa na wadudu kabla haijaliwa. Ikifika Machi, mlezi mkuu anakopa sukari dukani. Tena vitu vinavyokuja ni vilevile: unga, sabuni, biskuti. Viroba vya sembe havinunui umeme wa LUKU, havimlipi mlezi wa zamu ya usiku, na havigharimii mtoto anayetakiwa kurudi kliniki kila mwezi.

Hoja hizo ni za kweli, lakini wanaoutetea msimu nao wana andiko ambalo wapinzani wao hulisahau. Katika Nehemia 8, baada ya watu kulia waliposikia torati ikisomwa, wanaambiwa waende wakale vilivyonona, wanywe vitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu, kwa kuwa siku ile ni takatifu. Kumbukumbu la Torati 16 inaagiza kwamba furaha ya sikukuu iwahusu pia mtumishi, mgeni, yatima na mjane. Kumbe kutoa kwa sababu ya sikukuu ni sehemu ya sikukuu tangu zamani, na anayemcheka jirani yake kwa kutoa Krismasi anamcheka Nehemia pia. Mtoto wa kituoni naye ana haki ya siku isiyofanana na nyingine. Ipo namna ya kuwapenda maskini kwa hesabu kali mno, inayowapimia kalori na madaftari na kuwanyima soda, na sidhani kama ina Injili zaidi ndani yake.

Kuna pia jambo la kawaida kabisa la fedha. Desemba ndiyo mwezi ambao wafanyabiashara wengi huuza, waliotawanyika hukutana, na mtu ambaye mwaka mzima alikuwa anahesabu nauli anajikuta ana kidogo cha ziada mfukoni. Paulo huyohuyo anawaambia Wagalatia watende mema kadiri wapatavyo nafasi, na kwa wengi nafasi ni hiyo. Majirani zetu Waislamu wanatupa mfano unaostahili kuangaliwa bila wivu. Zaka ya fitri hutolewa kwa msimu, mwishoni mwa Ramadhani, lakini hutolewa kwa kipimo maalum cha chakula kwa kila mtu wa nyumba, na inatakiwa imfikie maskini kabla ya swala ya Idi ili naye aamke akiwa na cha kupika. Hakuna anayesema fitri ni unafiki kwa kuwa ina tarehe. Kinachoipa uzito ni kwamba ni wajibu wenye kipimo na haisubiri mtu aguswe moyo, ilhali kapu letu la Krismasi hukabidhiwa mara nyingi wakati ambao unatufaa sisi.

Kuhusu picha, ambalo ndilo jambo linalozua makelele zaidi, nadhani watetezi wana nusu ya haki. Mhazini wa kikundi aliyekusanya michango kwa simu kutoka kwa watu wa Mwanza, Nairobi na hata walio ughaibuni anadaiwa uthibitisho, na asipouonyesha atasemwa. Wapo wanaotaja Mathayo 5:16, kwamba nuru ya wanafunzi iangaze watu wayaone matendo yao mema, na ni kweli kwamba aya hiyo na ile ya sura ya 6 zimo katika hotuba moja ya mlimani. Tofauti iko kwenye mwisho wa kila moja: katika sura ya 5 anayetukuzwa ni Baba aliye mbinguni, katika sura ya 6 anayetazamwa ni mtoaji. Basi na ipigwe picha ya viroba, ya risiti na ya hati ya makabidhiano. Uso wa mtoto wa miaka saba aliyeshikishwa boksi la biskuti huku amesimama katikati ya watu wazima asiowajua hauthibitishi matumizi ya fedha yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na inashangaza kidogo kwamba ililazimu Bunge lituambie jambo ambalo tungeweza kuligundua kwa kujiuliza kama tungependa mwanetu apigwe picha hiyo. Askofu Nikolao wa Myra, ambaye kumbukumbu yake ndiyo iliyozaa Baba Krismasi, anasimuliwa kwamba aliwatupia dhahabu mabinti watatu wa mtu maskini usiku, kupitia dirishani, ili asijulikane. Leo amevikwa nyekundu na kuwekwa mlangoni mwa maduka makubwa ili watu wapige naye picha.

Hata hivyo, pande zote mbili zinabishana juu ya lini na kwa namna gani, huku swali la kumpa nani likiachwa bila kuguswa. Kituo cha watoto ni mpokeaji anayetufaa sana sisi watoaji: kina geti, kina mahali pa kuegesha basi, kina msimamizi wa kupokea na kutoa shukrani, na hakitapiga simu tena kesho. Lakini tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya watoto wanaoishi kwenye vituo wana mzazi mmoja au hata wote wawili walio hai, na kwamba umaskini wa nyumbani ni miongoni mwa sababu kuu za kupelekwa huko. Kenya ilisitisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, isipokuwa pale inapothibitika kwamba kufanya hivyo kutamdhuru. Wapo watoto ambao kweli hawana mtu, na wapo masista na walezi waliotoa maisha yao kwa ajili yao, nao wasibezwe. Ila ukarimu wote wa Desemba ukielekea getini, huku bibi anayelea wajukuu wanne akikaa na chungu kitupu mtaa wa pili, tunamfanya bibi yule aone kwamba wajukuu watashiba zaidi wakiwa mbali naye. Sidhani kama kuna mtoaji aliyekusudia hilo.

Upande wa pili wa jambo hilo unaonekana vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani ya Wachaga huko Kilimanjaro. Desemba, watu wa Rombo, Marangu, Kibosho na Machame hurudi nyumbani kwa wingi kiasi kwamba mabasi ya ziada huhitajika na malalamiko ya nauli kupandishwa hayakosekani. Mama analetewa vitenge, paa linabadilishwa mabati, mbuzi anachinjwa na kila sehemu ya nyama ina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo. Kuna wanaosema huo ndio ule mwaliko ambao Yesu aliukataza katika Luka 14, wa ndugu na jamaa watakaokualika nawe baadaye. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, maana 1 Timotheo 5 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, na sura hiyohiyo inataka wenye jamaa wajane wawatunze wenyewe ili kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wale walio wajane kweli. Kuwarudia wazazi ni sehemu ya imani. Lakini kwenye kila kitongoji kuna kihamba kimoja ambacho watoto wake hawakurudi, aidha kwa kukosa nauli au kwa sababu hawapo tena, na mama wa pale anazisikia nyimbo kutoka kwa jirani. Luka 14 inaanzia hapo, kwa mtu ambaye hana cha kukulipa na ambaye unamjua kwa jina. Pande za nyama zinajulikana zote. Ni nadra kusikia upande uliotengwa kwa ajili yake.

Kumsaidia mtu unayemjua kwa jina ni kugumu kuliko kupeleka kiroba kituoni. Huenda akazoea, huenda majirani wakasema, huenda yeye mwenyewe akaona aibu, na ukishaingia nyumbani kwake utagundua kwamba shida yake haiishi kwa kilo kumi za mchele. Hofu hizo ni halali, na nadhani ndizo zinazotusukuma kwenda kwenye kituo zaidi ya tunavyopenda kukiri. Lakini kanisa la hapa tayari lina chombo chake. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki na nyumba kwa nyumba za Walutheri hukutana kila wiki, zikiwa na mwenyekiti na mhazini wanaojua nani anaumwa na nani ameacha kuja kwa sababu hana nguo. Sharika nyingi zina kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, ambayo fungu lake katika bajeti ya mwaka ni dogo, kisha Desemba inaombewa mchango wa haraka. Kikundi kinachoweza kuchangishana mara moja kwa ajili ya safari ya kituoni kinaweza kutenga kiasi kilekile kwa awamu, mzee wa kanisa akakifikisha jioni bila tangazo, na bado kikabaki na cha kununulia soda za sikukuu.

Na hitaji la kwanza liko karibu. Tangu 2016 ada imefutwa katika shule za umma kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na baadaye hadi cha sita, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula bado vinamsubiri mzazi shule zinapofunguliwa Januari, mwezi ambao mifuko ya wote imekauka. Fungu likitengwa Desemba ileile, kabla ya safari na kabla ya mbuzi, bibi wa mtaa wa pili anaweza kuwapeleka wajukuu wake shuleni siku ya kwanza badala ya kusubiri wiki ya tatu.