Jalada la Madeni Lilipofika Barazani

Ami yangu alikuwa karani wa masjala mpaka alipostaafu, na mtu aliyewahi kukaa masjala hastaafu, huhama chumba tu. Katika duka lake la hapa Wete, Pemba, unga una jalada, sukari ina jalada, na paka naamini analo lake ijapokuwa sijalitia machoni. Aliponitaka nimtengenezee tovuti ya viungo anavyouza, yaani mdalasini, hiliki, pilipili manga na manjano (karafuu zilibaki kuwa pambo la picha, kwa kuwa ununuzi wake uko mikononi mwa shirika la Serikali), alinipa sharti moja tu: nimfundishe kazi yenyewe hatua kwa hatua, asije akawa mgeni katika duka lake mwenyewe.

Vifaa havikutusumbua. Kompyuta yake ya mpakato ilikuwa ya Windows. Nilipakia Visual Studio Code, ambayo hupatikana bila malipo, kwa ajili ya kuandikia msimbo, na Python, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu ndani yake mna seva ndogo, yaani programu inayowapa kurasa wanaoziomba, inayomtosha kabisa mwanafunzi. Kisha nikaunda folda moja kwa jina la viungo, na ndani yake faili la index.html pamoja na folda tatu: css ya mapambo, js ya vitendo, na picha kwa ajili ya picha. Nilimweleza Ami kwamba majina ya namna hii huandikwa kwa herufi ndogo na bila nafasi, kwa kuwa seva nyingi huendeshwa kwa Linux, na Linux huhesabu «Picha» na «picha» kuwa vitu viwili, ingawa Windows haijali. Nilimweleza pia kwamba seva ikiombwa ukurasa wa mbele haibahatishi, bali hutafuta faili lenye jina la index.html, na isipoliona, seva kama hii yetu humwonesha mgeni orodha ya kila kilichomo ndani ya folda.

Ami alinisikiliza kwa utulivu wa mtu anayengoja zamu yake.

«Mwanangu,» akasema, «faili lisilo na namba si faili. Ni karatasi iliyopotea ambayo bado haijatafutwa.»

Usiku ule, nilipokwisha kwenda zangu, aliisajili tovuti nzima. Kwanza alijaribu kuliita lile faili la mbele KUMB/DUKA/001, na Windows ikamkatalia, kwa kuwa mkwaju (/) ni miongoni mwa alama tisa ambazo haizikubali katika jina la faili. Baadaye alinisimulia kwa uchungu kwamba katika utumishi wake wote, hakuna mkuu wa idara aliyethubutu kumkatalia kumbukumbu namba. Akaridhika kwa shingo upande: index.html ikawa «001 MWANZO», css ikawa «002 MAPAMBO», na nyingine zikafuata. Kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha viishio vya mafaili, ile «.html» ilinusurika mafichoni bila yeye kujua kwamba ipo. Halafu, kwa imani ya masjala kwamba shauri moja huwekwa katika jalada moja, alitia ndani ya folda ya viungo kila kilichohusu duka, na cha mwisho kilikuwa «009 MADENI».

Uzinduzi ulifanyika siku iliyofuata baada ya swala ya Alasiri, barazani mbele ya duka, penye kahawa, kashata na dhumna. Nilifungua dirisha la amri, nikaandika python -m http.server 8000, na nikawatajia wazee anwani ya kompyuta, 192.168.1.7:8000, kwa kuwa simu zao zilikuwa zimeungwa katika Wi-Fi ya duka. Mzee mmoja, aliyenisikia jana yake nikimtajia Ami neno localhost, ambalo kila kifaa hulitumia kujiita chenyewe, alishikilia kuliandika hilo, na simu yake ikabaki kujitafuta yenyewe bila mafanikio. Huyo ndiye peke yake aliyesalimika.

Wengine waliona orodha. Ilikuwa orodha nzuri, imepangika kuanzia 001 hadi 009, na Ami akavuta kanzu yake akauliza, «Mnauona utaratibu?» Hakuna aliyegusa 001. Hata wangeigusa wangeona maandishi matupu yasiyo na rangi wala picha, kwa sababu msimbo ulikuwa bado unazitafuta css na picha ambazo hazipo tena kwa majina hayo. Lakini vidole vyote barazani vilishuka moja kwa moja hadi 009.

Ami, kwa kuwastahi watu, hakuandika majina ya wadaiwa. Aliandika sifa zao. Kofia Kubwa, shilingi 12,000. Msema Sana wa Limbani, mchele kilo 5. Mwenye Ahadi, shilingi 30,000. Anayepima Mwenyewe, sukari, kiasi anakijua yeye.

Dhumna lilisimama. Mzee mmoja alivua kofia yake taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. Bwana wa Limbani, ambaye sijapata kumwona akinyamaza, alinyamaza, na hapo ndipo kila mtu alipomtambua. Tatizo lilikuwa zito kuliko deni lenyewe, maana atakayelipa atakuwa amekubali na lakabu. Nilibonyeza Ctrl na C kuizima seva, lakini ukurasa uliokwisha kufika katika simu ya mtu hauondoki kwa kuzimwa seva, na kijana mmoja alikuwa tayari ameupiga picha.

Jioni ile nilirudisha majina ya awali, nikalihamisha faili la madeni nje kabisa ya folda ya viungo, nikaijaribu tovuti upya, na mdalasini ukaonekana kwa rangi zake zote. Ami alikubali kwa masharti kwamba namba zake zihamie katika daftari, ambamo index.html imesajiliwa rasmi kuwa 001.

Baada ya Isha, Kofia Kubwa alipita mlango wa nyuma, kichwa wazi, akalipa 12,000 bila kutia neno. Nyuma yake alikuja jirani mmoja ambaye hajawahi kukopa dukani hata kibiriti. Ile picha ilikuwa imemfikia mkewe, na mkewe, bila kuuliza mtu, alikuwa ameamua kwamba Mwenye Ahadi hawezi kuwa mwingine.

Ami alichukua kalamu, akamwandikia barua ya kuthibitisha kwamba mhusika siye, akaipa KUMB/DUKA/010 na mikwaju yake yote, akatia sahihi, na chini kabisa akaandika: «Nakala: Mke wa mhusika.»