Namba 17, Bibi Yake, na Kidole Changu Kilichoganda

Wengi wenu mmeshausikia ule ujumbe wa sauti unaozungushwa kwenye makundi tangu Jumamosi usiku, ule ambao ninasikika nikisema "Shikamoo" kwa sauti ya mtu aliyekabwa koo. Kwa kuwa rafiki yangu aliyeusambaza ameukata mwanzo na mwisho kwa makusudi, naona ni haki yangu kuusimulia mkasa wote mwenyewe kabla haujamfikia mama yangu huko Tanga. (Dada, najua umeshamtumia. Tutazungumza.)

Rafiki huyo ni msaka vipaji wa klabu moja katika ligi ya vijana ya hoki ya barafuni hapa Ontario, Kanada. Kila mwaka klabu za ligi hiyo hupokezana kuchagua wachezaji wapya miongoni mwa watoto wa miaka 15 na 16, na uteuzi huo si jambo la mzaha: mwaka 2012 klabu ya Erie Otters ilimchukua Connor McDavid wa kwanza akiwa na miaka 15, na mwaka 2015 Edmonton Oilers wakamchukua wa kwanza tena katika uteuzi wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Jumamosi rafiki yangu alikuwa na mechi mbili kwa saa ileile, akaniomba nikamtazamie mshambuliaji mmoja anayevaa jezi namba 17, katika uwanja mmoja mjini Hamilton. Alinipa masharti: nikae juu kabisa pembeni, nisishangilie, nisikae karibu na wazazi, na kila kipindi kikiisha nimtumie tathmini kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kutuelewa.

Masharti yote niliyashika isipokuwa lile la wazazi, na hilo mlaumuni Januari. Viwanja vya mitaani vya huku vina vipasha joto vilivyoning'inizwa juu ya safu chache tu za viti, na kwingine kote ni baridi ileile inayoigandisha barafu ya kuchezea. Nikajisogeza chini ya kipasha joto, kando ya mtu aliyejifunika kofia ya sufu hadi kwenye nyusi na shali hadi puani, kiasi kwamba kilichobaki nje ni miwani peke yake. Nilimsalimu kwa Kiingereza, akaitikia kwa kichwa, nami nikaona yameishia hapo.

Katika kipindi cha kwanza niliyatazama yale niliyoagizwa kuyatazama: hatua tatu za mwanzo za mbio zake, namna anavyokata kona bila kupoteza kasi, mikono yake anapopokea kisahani (kile kinachopigwa badala ya mpira) akiwa anakimbia, na wepesi wa kupiga bila kujiandaa. Yote yalikuwa mazuri, na ndiyo maana nilianza kutafuta kasoro, kwani mtathmini asiyeona kasoro huonekana hajaenda uwanjani. Nikaiona. Kila wapinzani walipoingia eneo la timu yake, namba 17 alibaki juu karibu na mstari wa bluu, pale eneo hilo linapoanzia, wakati senta wa timu yake, yaani mshambuliaji wa kati, akihangaika chini mbele ya kipa pamoja na mabeki.

Kipenga kililia. Nikavua glavu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi kwa kidole gumba, nikaanza kunena kwa utulivu wa mchambuzi wa redioni.

"Namba 17: miguu anayo, mikono anayo, kichwa bado. Timu ikishambuliwa anasimama pale juu kama aliyekuja kusindikiza wageni. Kukaba kwake ni mwiko. Huyu kadekezwa, ndugu yangu. Nakuhakikishia nyumbani kuna bibi anayemletea maandazi kitandani."

Hapo ndipo shali iliposhuka.

Nawaomba mnivumilie, kwa maana hapa nitakwenda polepole. Kwanza ulitoka mkono wenye hina iliyofifia, ukashika pindo la shali na kuliteremsha chini ya kidevu bila haraka yoyote. Kisha miwani ikanigeukia. Kisha, kwa lafudhi ya Mombasa ambayo hata miaka ya theluji haijaigusa, nikasikia: "Maandazi simpi."

Ninajua mnachotarajia. Mtu mwenye akili angeomba radhi, au angejifanya anazungumzia mtoto mwingine, au walau angeondoa kidole kwenye simu. Mimi kidole kiliganda palepale, simu ikaendelea kurekodi mbele ya mdomo wangu, na katika maneno yote niliyofundishwa na wazazi na walimu, lililojitokeza lilikuwa moja.

"Shikamoo."

"Marahabaa," alijibu, akiivuta ile "a" hadi nikahisi viti vya mbele vimeisikia. "Sasa malizia, mwanangu. Ulikuwa umefika kwenye kichwa."

Sikuwa na la kumalizia, kwa hiyo alimalizia yeye. Aliniuliza kijana anacheza nafasi gani. Nikasema mshambuliaji. Akasema washambuliaji wako watatu, wa wapi? Nikasema winga. "Na winga kazi yake akishambuliwa ni ipi, kama si kumkaba beki wa wapinzani anayepiga kutoka juu? Wa kushuka chini ni senta. Wamtaka mjukuu wangu acheze nafasi mbili?" Hapo kidole kilichoka, kikaachia, na simu ikatoa ule mlio mdogo wa ujumbe uliokwenda. (Wewe wa Mwanza uliyeuliza kwa nini sikuufuta: rafiki yangu huyo hajibu ujumbe kwa wiki nzima, lakini huu aliusikiliza ndani ya dakika moja.)

Vipindi viwili vilivyobaki nilitathmini chini ya uangalizi. Bibi alinikataza kukifuata kisahani kwa macho na kunitaka nitazame shingo ya kijana kabla pasi haijamfikia. Ni kweli, kila mara aligeuza kichwa kuangalia nyuma ya bega lake, na katika kipindi cha tatu alitoa pasi ya goli kwa mwenzake ambaye mimi sikuwa nimemwona kabisa. Nilipojitetea kwamba hata hivyo alipopoteza kisahani katikati ya uwanja aliteleza tu bila kukimbia kurudi, bibi alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo ni kweli. Hilo nitamsema nyumbani." Kisha akafungua mkoba na kutoa mfuko wa mahamri uliofungwa vizuri, ambao alisema ni wa kijana mechi ikiisha. Nilitazama barafu, sikusema neno.

Ripoti nimeituma. Kwenye uelewa wa mchezo nimempa alama za juu, na kwenye kurudi kukaba nimeandika kasoro yangu bila kuipunguza, kwa kuwa imethibitishwa na familia. Rafiki yangu ananijulisha kwamba mechi ijayo haniachii mimi. Anataka nimuulize bibi kama ana nafasi. Na anayetaka kusikia ujumbe wote, si kile kipande cha "Shikamoo" pekee, aniandikie faraghani.