Tembo abaki kwenye noti, ila tumchore sisi

Itazame noti ya shilingi 10,000. Mbele kuna tembo, nyuma kuna jengo la Benki Kuu. Ya 5,000 ina faru, na nyuma yake mgodi wa dhahabu wa Geita. Ya 2,000 ina simba na Ngome Kongwe ya Zanzibar. Ukimwacha Mwalimu Nyerere, ambaye sitaki aguswe, picha kuu za noti zetu ni wanyama na majengo. Kazi ya mikono ya Mtanzania wa kawaida siioni, na inaniuma.

Sisemi tumfukuze tembo tumweke kinyago cha Kimakonde. Kubandika picha ya utamaduni juu ya karatasi hakutoshi. Mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama jijini Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli, na mtindo ule leo unatambulika duniani kote. Basi tembo abaki, lakini achorwe hivyo: madoa yake, rangi zake kali, macho yake makubwa.

Kuna jambo jingine linalonivutia zaidi. Noti hujazwa mistari myembamba inayopishana ili iwe vigumu kuighushi. Kwa nini mistari hiyo isifuate ukili wa mikeka yetu? Wasusi wamekuwa wakipitisha miyaa juu na chini kwa mpangilio mgumu vizazi na vizazi. Na kanga ina pindo, mji na jina. Mchoraji wa noti angepata humo mpangilio kamili: ukingo, picha ya katikati, maneno.

Najua swali litakalofuata: makabila zaidi ya 120, tuchukue ya nani? Noti ziko nne. Moja ibebe zeze la Wagogo, nyingine ngoma ya Bugobogobo ya Wasukuma na majembe yao, na toleo lijalo libadilishe. Hofu ya kumkosa mmoja isitufanye tuwakose wote.

Norway iliitisha shindano la wabunifu mwaka 2014 kabla ya kutoa noti zake mpya. Benki Kuu nayo ifanye hivyo, milango iwe wazi kwa wachoraji wa Tingatinga wa Oysterbay, wachongaji wa Mtwara na wanafunzi wa sanaa wa Bagamoyo. Na mezani kwa waamuzi, kando ya wataalamu wa usalama wa noti, aketi msusi wa mikeka mwenye kura kamili.