Mkataba wa fimbo haujawahi kuua mchezo wa mtu, mpira ndio wa kuangaliwa

Kila Januari, msimu wa gofu ya kulipwa unapofunguliwa, lawama ni zilezile: fulani kahama kampuni ya fimbo, kauza mchezo wake kwa hela. Mifano mashabiki wanayo mdomoni. Rory McIlroy alitoka Titleist kwenda Nike Januari 2013, akakosa kata (mchujo wa baada ya raundi mbili) Abu Dhabi kwenye mashindano yake ya kwanza, na raundi ya pili tayari alikuwa amerudia puta yake ya zamani, yaani fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Justin Rose alisaini na Honma Januari 2019 akiwa namba moja duniani. Kufikia Mei 2020 walikuwa wameshaachana.

Sawa, lakini hesabu hiyo inawataja walioteleza tu, tena nusu ya habari zao. McIlroy huyohuyo, na Nike zilezile, alibeba The Open kule Royal Liverpool na PGA Championship kule Valhalla mwaka 2014. Rose alishinda mashindano ya Torrey Pines mwezi uleule alioanza na Honma. Jon Rahm alihama TaylorMade kwenda Callaway Januari 2021, na Juni alikuwa bingwa wa US Open.

Tuseme na la fedha bila aibu. Kwa kawaida mchezaji wa gofu hana mshahara wa klabu kama wa soka. Ndege, hoteli, kedi (mbeba fimbo) na kocha vinamhusu yeye, na akikosa kata Ijumaa jioni mfuko wa zawadi wa wiki hiyo haumjui. Mgongo ukimuuma miezi mitatu, ni miezi mitatu bila zawadi. Kwa wengi, malipo ya kampuni ndiyo pesa wanayoweza kuipangia matumizi kabla msimu haujaanza. Kumwambia mchezaji aikatae kwa ajili ya usafi wa begi la fimbo ni rahisi kwa mtu anayetazama kwenye televisheni.

Tena pesa si yote. Kampuni kubwa huegesha lori la ufundi uwanjani kila wiki: mashine ya kupinda pembe za aini (fimbo za kichwa cha chuma), mawe ya kusaga weji (fimbo za mapigo mafupi ya juu), mipini, gundi, vichwa vya akiba. Thamani yake ilionekana Mei 2025 kwenye PGA Championship kule Quail Hollow. Uso wa draiva, fimbo ya mapigo marefu zaidi, hulegea kadiri unavyopigwa, mpaka siku moja unarusha mpira kupita kiasi kinachoruhusiwa. Kipimo ni muda wa mguso, na mwisho wake ni maikrosekunde 257 ukijumlisha nafasi ya uvumilivu. Draiva ya McIlroy ilivuka, ya Scottie Scheffler pia, wiki hiyohiyo. Scheffler aliingia uwanjani na kichwa cha akiba, akashinda ubingwa kwa mapigo matano. Kichwa cha akiba kinachofanana na cha kwanza hakiokotwi dukani. Vichwa viwili vyenye namba ileile vinaweza kupishana gramu kadhaa na sehemu ya digrii, kwa hiyo fundi anapima vingi ili apate pacha. Kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi na anayemjua mchezaji mwaka mzima.

Sasa hoja ya upande wa pili, ambayo ni nzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Wanalalamikia fimbo, na kumbe tatizo liko kwenye mpira. Aini namba 7 unaweza kuitumia mara tatu raundi nzima. Mpira uko kwenye kila pigo.

Fuatilia kinachotokea. Mchezaji wa daraja hili hupata kama mizunguko 7,000 kwa dakika kwa aini namba 7. Mpira mpya unampa 6,300. Unaruka mbele zaidi, unatua kwenye grini (nyasi fupi zenye shimo) na kuendelea kukimbia. Fundi anafungua pembe ya aini zote kwa digrii moja ili mzunguko urudi. Sasa weji ya digrii 46 imekuwa 47, pengo lake na ile ya 52 limepungua, basi na ya 52 nayo inapindwa. Ukiongeza digrii moja ya pembe, umeongeza digrii moja ya mbenuko wa chini ya kichwa cha fimbo, kwa hiyo weji iliyokuwa ikipita chini ya mpira kwenye ardhi ngumu sasa inadunda. Kwenye draiva mpira uleule unakosa mzunguko wa kuubeba, unaporomoka kabla ya wakati. Kichwa cha digrii 9 kinatoka, cha 10 kinaingia, na kila kimoja kina tabia yake. Begi zima limehama, na kisa ni mpira mmoja.

Na muda haupo. Mikataba mingi huanza tarehe 1 Januari, kwa hiyo majaribio ni Novemba na Desemba, kwenye uwanja mkavu wa mazoezi, kifaa cha rada kikiwa nyuma. Rada haina upepo wa pembeni wala nyasi ndefu zenye umande. Kasoro inajitokeza Machi, mkataba ukiwa umeshasainiwa.

Ndiyo maana habari ya Payne Stewart inastahili kusomwa upya. Mwaka 1993 alimaliza wa 6 kwa mapato kwenye PGA Tour. Kwa msimu wa 1994 alihamia Spalding: aini za kufua zikatoka, zikaja za kumimina kwenye kalibu, na mpira ukabadilika vilevile. Akamaliza wa 123. Vyote viwili kwa mpigo mmoja. Fundi yeyote angemwomba aanze na kimoja.

Tiger Woods alianza na kimoja. Mei 2000, Ujerumani, aliingia na mpira wa Nike, aini za Titleist na puta ya Scotty Cameron zikibaki begini. Mwezi uliofuata alishinda US Open kule Pebble Beach kwa mapigo 15. Aini zilifuata baadaye sana, na puta ile hakuiweka pembeni hadi 2010.

Wasio na mkataba hatuwezi kuwapuuza. Brooks Koepka, baada ya Nike kuacha kutengeneza fimbo Agosti 2016, alishinda mataji manne makubwa kati ya 2017 na 2019 bila kampuni ya fimbo. Patrick Reed alivaa koti la kijani la bingwa wa Masters 2018 na begi la chapa mchanganyiko. Uhuru unafanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini Koepka alisaini na Srixon mwishoni mwa 2021, na aliposhinda PGA Championship 2023 begini mlikuwa bado na aini namba 3 ya Nike, toleo la mwaka ule walioufunga mlango. Rose naye hakuwa amefungwa fimbo zote kule Honma. Aliahidi 10 kati ya 14, na mpira wa TaylorMade akabaki nao. Scheffler analipwa na TaylorMade na anapiga mpira na weji za Titleist.

Kinachonisumbua mimi si hao. Nyota anaingia mezani akisema fimbo 10, mpira simo, na kampuni inakubali kwa sababu inataka jina lake kwenye kofia. Mchezaji aliye nje ya mia bora hana sauti hiyo. Akiambiwa fimbo 14 na mpira, atasaini fimbo 14 na mpira, maana kodi na tiketi za Februari zinamsubiri. Akiporomoka kufikia Juni, hakuna atakayekumbuka kuuliza alibadilisha mpira lini.