Mama mkwe, ndala na Bonde la Mauti

Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeanza kuharibu. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, nami nikamwambia tunampeleka kuona hifadhi moja ya jangwa, nzuri sana, saa mbili tu kwa gari kutoka Las Vegas tunakoishi. Jina nililimeza makusudi. Tulipofika kwenye kibao cha kuingilia, mtoto akageuka nyuma: "Bibi, Death Valley maana yake Bonde la Mauti."

Kimya. Kisha mama akamuuliza binti yake, si mimi: "Mmenipandisha ndege tatu, mje mnilete huku?"

Halafu nikaendeleza mimi. Mke wangu alikuwa ameshasema tuvae raba. Nikacheka. Mtu niliyekulia Tanga, nikacheza mpira mchangani saa saba mchana, leo nifundishwe joto? Nikashuka na ndala zangu za bluu.

Tulianzia Badwater, yaani Maji Mabaya. Pale uko mita 86 chini ya usawa wa bahari, na juu kwenye jabali wameweka kibao kuonyesha usawa huo ulipo. Mama akakitazama kibao, akaitazama ile chumvi nyeupe chini ya miguu yake.

"Na bahari yenyewe iko wapi?"

"Mbali, mama. Nyuma ya milima ile."

"Basi tusikae sana. Ikikumbuka njia je?"

Kuokoa mazungumzo nikamsimulia kwamba jina la pale, wanavyosema, lilitokana na nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, wa mpima ardhi mmoja, aliyegoma kunywa maji yale kwa chumvi. Mama akaziangalia ndala zangu. "Mnyama mwenye akili," akasema.

Joto la Tanga lina adabu: linakulowesha shati, unajua kabisa kwamba unapikwa. La kule jasho linakauka kabla hujaliona, unabaki kujiona bingwa. Ndiyo maana tulipofika kwenye vilima vya mchanga vya Mesquite Flat, saa sita kasoro mwezi wa sita, nikakipita kibao kinachoshauri watu wasitembee baada ya saa nne asubuhi. "Nipigeni picha moja tu pale juu."

Sikufika juu. Ndala ya kulia ilichomoka kile kidude cha mpira kinachoshika kamba katikati ya vidole. Nyumbani ungechomeka msumari ukaendelea na safari. Pale mguu ulitua mchangani.

Mwaka 1972 ardhi ya Furnace Creek, hapo hapo hifadhini, ilipimwa ikakutwa na nyuzi 93.9 za Selsiasi. Siku yangu haikufika huko, lakini unyayo hausomi takwimu. Nikaruka kwa mguu mmoja kama korongo aliyeachwa na basi. Nilipochoka nikakaa. Na kaptula! Niliinuka haraka kuliko nilivyokaa, watalii wakapiga makofi.

Aliyekuja kuniokoa si mke wangu. Ni mama mkwe, raba mguuni, mwavuli mkononi, taratibu kama anakwenda sokoni. Akajivua kanga ya begani, akainama.

"Lete mguu, baba."

"Mama, haifai..."

"Lete mguu."

Mwenye mkwe anaelewa. Mimi mbele ya mama huyu huwa hata sinyooshi miguu sebuleni, leo ameushika wangu mkononi, anaufunga kama mtoto mchanga, na mataifa yote yanatazama. Pale mchanga nikausahau.

Kanga ile ilikuwa ya "Mdharau mwiba mguu huota tende". Alivyoizungusha, maneno yakakunjika, yakabaki kifundoni matatu tu: MGUU HUOTA TENDE. Mke wangu akayasoma kwa sauti hadi kwenye gari, akipumzika ili acheke.

Furnace Creek tukapiga picha kwenye kile kipimajoto kikubwa cha nje: nyuzi 119 za Fahrenheit, 48 za kwetu. Watu wanne, viatu saba. Picha imeshazunguka Tanga nzima.

Kanga yenyewe iliishia na lami ya maegesho na dawa ya kuungua, na kanga haiuzwi kipande kimoja. Mama alirudi na nusu ya doti. Sasa kila Ijumaa anapiga simu.

"Mguu haujambo?"

"Haujambo, mama."

"Na kanga yangu?"