Barua za Baba Mkwe Katika Kilobaiti Mbili

Mkwe haambiwi amekosea. Ukiwa fundi kompyuta, na aliyekosea ni baba wa mkeo, una kazi mbili: kutengeneza, na kutafuta maneno ya kusemea.

Windows 10 ilipofika mwisho wa msaada wake, 14 Oktoba 2025, kompyuta ya mezani ya Mzee haikuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 huitaka. Kikao kikaitwa pale Tanga. Shemeji mkubwa akasema inunuliwe nyingine ya Windows, maana kila mtaa una fundi wake na vipuri vimejaa. Shemeji wa Muscat, kwa simu, akasema MacBook. Mjukuu wa kidato cha nne akasema msipoteze hela, Linux ni ya bure na itakaa vizuri kwenye mashine ileile. Ikashinda MacBook, kwa sababu mwenye hoja ndiye aliyekuwa mwenye pesa.

Aliyeuliza barua pepe za Mzee zinakaa wapi, hakuna.

Siku MacBook ilipofika nikaitwa. Shikamoo, marahaba, kahawa. Mzee akatoa flashi mfukoni.

“Mwanangu, barua nimeshazihamisha mwenyewe. Miaka 15 yote imo humu.”

Nikaichomeka. Ndani mna mawaidha, picha za harusi yetu, na kitu kimoja kinachoitwa Outlook. Uzito wake kilobaiti 2.

“Naona Mzee… zimebanwa sana.”

“Kompyuta za siku hizi!” akasema, kwa fahari.

Alikuwa ameburuta ile ikoni ya kwenye skrini. Ikoni hiyo ni njia ya mkato tu, imebeba anwani ya programu. Ni kung’oa kibao cha mlangoni ukadhani umehama na nyumba. Na akaunti yake ilikuwa ya POP, njia ya zamani ya kupokea barua pepe, bandari (lango la mtandao) 995, iliyopangwa kushusha barua kisha kuzifuta kwenye seva. Kwa hiyo barua zote zilikuwa mahali pamoja tu duniani: faili la PST, ambamo programu ya Outlook hutunza barua, ndani ya ile kompyuta ya zamani.

“Na ile ya zamani iko wapi, Baba?”

“Nimempa mjukuu. Anaweka vitu vyake.”

Kahawa niliiacha. Nilimkuta kijana amewasha Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwenye USB, amefika ukurasa unaouliza kama afute diski yote, kishale kiko juu ya kitufe. “Anko, nibonyeze?” Jibu langu halikuwa maneno, ilikuwa sauti.

Ila USB ile ndiyo iliyotuokoa. Ubuntu inayowashwa bila kusakinishwa haigusi diski, lakini inaisoma. Faili likapatikana ndani ya Documents, folda ya Outlook Files: gigabaiti 6.3. Kulinakili kwenye flashi, likakataa, ingawa nafasi ilikuwapo ya kumwaga. Flashi ilikuwa imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Dawa ni kuifomati iwe exFAT, ambayo Windows, Mac na Linux zote huisoma na kuiandika. Kufomati kunafuta kila kitu, basi mawaidha yakahamishiwa kwanza kwenye simu yangu, Mzee akisimamia.

PST peke yake nayo isingefaa kitu, kwa sababu programu ya Mail ya Mac hailifungui. Inachokubali ni mbox, aina nyingine ya faili la kuhifadhia barua. Hapohapo kwenye Ubuntu tukasakinisha kifurushi cha pst-utils, kisha amri ya readpst -r, yenye -o na folda ya kupokelea, ikaligeuza folda kwa folda. Kwenye MacBook: File, Import Mailboxes, chagua mbox. Barua zikakaa chini ya On My Mac. Usishangilie kabla ya kulinganisha idadi ya barua katika kila folda, na kufungua chache zenye viambatisho. Faili lililovurugika huacha barua njiani bila kuaga.

Kwa hiyo mashine ya Windows ilitunza, Linux ikabeba, Mac ikapokea, na mashemeji kila mmoja akatangaza kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Akaunti mpya nikaifungua kwa IMAP, njia nyingine ya kupokea barua, bandari 993, barua zibaki kwenye seva. Hiyo peke yake si nakala ya akiba: ukifuta kwenye simu, na kwenye kompyuta imefutika. Kwa hiyo diski ya nje ikawekwa kwa Time Machine, programu ya Mac ya nakala za akiba, na faili la PST lenyewe likabaki kwenye flashi, kabatini kwa mama mkwe, mahali ambapo hakuna anayethubutu kupekua.

Mzee hakupoteza muda. Akatafuta jina la shemeji yake wa Pangani, ikatoka barua ya 2014 ambamo bwana huyo anaahidi kurudisha mbuzi wawili baada ya mfungo. Akaituma tena kama ilivyo, bila kuongeza neno.

Jibu likaja kabla ya magharibi: “Shemeji, niwie radhi. Nilibadilisha kompyuta, barua zangu zote za zamani zilipotea.”