Uhuru kwa sekunde 15

Nilikwenda Bagamoyo kutengeneza filamu kuhusu namna wakati unavyopita juu ya siasa, nikiwa na kamera ya kuazima na kichwa kilichojaa Chris Marker, yule Mfaransa ambaye mwaka 1962 alitoa filamu ya picha mnato karibu yote, ambamo anayejongea ni mwanamke mmoja tu, naye anafumbua macho basi. Babu mmoja anayeishi karibu na Boma la Kale alikubali kunisimulia usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961.

Babu alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaketi barazani, akazungumza saa nzima. Alianzia kwa Wajerumani waliohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891 (jambo ambalo mpaka leo hajawasamehe), na alipofika kwenye bendera akalia. Nami nyuma ya kamera nikalia, macho nimeyafumba.

Usiku nikagundua kwamba hapakuwa na video. Mwenye kamera alikuwa ameitega ipige picha moja kila baada ya sekunde 10, akiwinda mawingu. Hivyo saa nzima ya babu ilikuwa picha 360, ambazo kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde humalizika kwa sekunde 15, tena bila sauti. Babu anatikisika kama aliyekalia siafu, na kikombe cha kahawa kinajaa na kukauka chenyewe.

Asubuhi nilimpelekea, nikampa shikamoo mbili.

"Marahaba. Sasa mwanangu, Mjerumani, Mwingereza na Uhuru, wote umewamaliza kabla sijapiga chafya?"

Akaniamuru nirudie, picha moja moja. Ukutani nyuma yake lilikuwepo bango la mgombea udiwani, lile lililokutwa limechanwa jioni ile, vijana wa vyama viwili wakakesha wakitukanana. Katika picha ya 212 bango lilikuwa zima. Katika ya 213 alitokea mbuzi. Kufikia ya 221 mgombea hakuwa na kichwa.

Adhuhuri baraza ilijaa watu, na hakuna aliyeuliza habari za 1961. Mwenyekiti wa mtaa aliitazama picha ya 217 mara nne, kisha akauliza kwa upole mbuzi huyo ni wa nani. Babu alikohoa, akasema kahawa inapoa.